Hatua Mia Tano Kutoka Mkahawa wa Shisha

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na cheti changu cha shule ya usiku, kwamba mwanamume asiye na mke anayeishi ndani ya hatua mia tano kutoka mkahawa wa shisha huhesabiwa kuwa mali ya mkahawa. Manispaa ikiuhamisha, naye anahamishwa, pamoja na viti na makaa.

Aliyeniambia ni rafiki yangu, dereva wa mwajiri wetu, niliyetoka naye Nakuru. Mimi nilikuwa mlinzi wa jengo la familia katika mtaa wa Bani Malik, Jeddah, kazi tamu kuliko zote Uarabuni: kivuli, kiti, na chumba changu peke yangu chenye dirisha. Kisha mkahawa wa shisha ukafunguliwa mtaani. Moshi ukapanda ngazi hadi ghorofa ya nne, magari yakaziba mlango, akina mama wakaanza kupita nyuma ya jengo ili wasikodolewe macho. Wapangaji wakapeleka malalamiko manispaa: biashara ya namna hii ikae barabara kubwa, si katikati ya nyumba za watu.

"Wewe shangilia tu," rafiki yangu akanicheka. "Wakiuondoa unaenda nao. Umepima?"

Nikapima. Mara ya kwanza nilipata hatua mia tatu na kumi. Kesho yake nikatembea kama bibi harusi, kisigino kikigusa kidole, nikapata karibu elfu moja. Nikampelekea hesabu nikitabasamu.

"Msomi, watapima kwa miguu yao, si yako! Hama mapema. Kuna kafili, mwajiri mdhamini, Riyadh anatafuta dereva wa lori, na leseni unayo. Mimi nitakuongelea kwa baba."

Sikujiuliza kwa nini dereva hataki kazi ya dereva.

Baba, ndivyo tulivyomwita mwajiri wetu, mwenye jengo, alikubali uhamisho bila kuniangalia usoni. Nikadhani ni majonzi. Nami nililia kutoka Jeddah hadi Taif, nikaacha kwa sababu maji yalikuwa yameniisha mwilini.

Miezi minane baadaye nililetwa na lori kuchukua mzigo Bandari ya Jeddah. Wakati wakipakia, nikakimbia Bani Malik kusalimia. Mkahawa haukuwapo tena. Ngazi zilinuka sabuni. Rafiki yangu alikuwapo, mlangoni, amekalia kiti changu. Aliponiona akakumbuka ghafla kwamba kuna tangi la maji la kukaguliwa juu ya paa.

Baba akateremka. "Karibu, mtu mkubwa wa Riyadh! Leo umetukumbuka?"

Nikamsimulia habari za hatua, hata zile za bibi harusi. Hakucheka.

"Manispaa walihamisha mkahawa," akasema. "Mtu hakuguswa hata mmoja. Rafiki yako aliniambia umenichoka na unaona haya kusema. Ndiyo maana nilikuruhusu uondoke."