Alama ya Mzinga wa Babu

Leo nimemuumbua msimamizi wangu wa masomo mbele ya mgeni rasmi, na sijutii hata kidogo.

Nasoma uzamili wa uchoraji. Kila Alhamisi tunakaa wawili tu, yeye ananikosoa. Mwezi uliopita nikampelekea picha niliyoichora juu ya gome la mzinga wa nyuki wa marehemu babu.

Akaguna. "Haina kiwango. Iache hapa."

Nikaiacha.

Leo ni maonyesho yake hapa Tabora. Picha yangu iko ukutani, jina lake chini!

Nilishadokezwa jana, jamani. Ndiyo maana nilikwenda na baba mdogo, mrina asali wa Isikizya.

Akaitazama weee, kisha akauliza kwa sauti, "Mwalimu, mzinga wetu umefikaje huku?"

Bwana msimamizi akacheka. "Mzee, hii ni kazi yangu ya sanaa."

"Sisi kila mzinga tunauchoma alama ya mwenyewe, usiibwe porini. Hebu geuza."

Mgeni rasmi akaigeuza mwenyewe. Jina langu nililoandika nyuma lilishasuguliwa kwa msasa. Alama ya babu ipo palepale, maana msomi wetu alidhani gome liliungua tu!

Baba mdogo akaninyooshea kidole. "Mjukuu wa mwenye alama huyu hapa. Ndiye aliyechora."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Mimi natabasamu.

Sasa hivi msimamizi kanitumia ujumbe: "Alhamisi njoo tuyamalize, wawili tu kama kawaida."

Nimemjibu nakuja na baba mdogo.

Nani mwingine ana nafasi Alhamisi?