Kinyozi Tokiko na Mashine ya Kenzo

Tokiko Sugaya alikuwa kinyozi wetu Kuromori tangu enzi mji ulipokuwa na sinema mbili, mpaka ulipobaki na duka moja la kununulia sabuni na betri. Duka lake lilitazamana na duka letu la tofu, ile jibini ya maharage ya soya. Mengi ya haya niliyaona mwenyewe, na mengine alinisimulia kidogo kidogo kwa miaka, maana hakuwa mtu wa maneno.

Mumewe, Kenzo, alichimba makaa ya mawe kama wanaume wote wa pale. Hawakujaliwa mtoto. Yeye Tokiko alikuwa mkimya na mwenye msimamo, Kenzo alikuwa mtu wa mzaha asiyejua kukaa kimya. Siku moja ya baridi kali, mwaka 1984, alirudi kutoka jiji la Sapporo na sanduku kwapani, theluji imemganda mabegani.

"Umeniletea nini?" Tokiko akamuuliza.

"Wewe sijakuletea kitu. Nimejiletea mwenyewe."

Ilikuwa mashine ya michezo ya televisheni, ileile ambayo watoto wa Japani nzima walikuwa wakiililia mwaka ule. Kitu kidogo, cheupe, chenye nyekundu iliyoiva ubavuni, na kaseti ya mchezo inachomekwa juu. Pedi za kuchezea zilikuwa mbili, zimefungwa kwenye mashine kwa waya mfupi sana, hivyo wachezaji walilazimika kukaa bega kwa bega, wapende wasipende. Pedi ya pili ilikuwa na kipaza sauti. Kenzo alipogundua hilo, alianza kuwaita wateja kupitia spika ya televisheni: "Bwana mwenye kipara, kiti kiko wazi, ingawa sijui umefuata nini hapa."

Aliiunganisha na televisheni ya dukani, ambayo wateja waliitumia kutazama mieleka ya sumo.

"Sasa wateja watatazama nini?" Tokiko akalalamika.

"Watanitazama mimi nikishindwa."

Kweli alishindwa sana, na kweli walikuja kumtazama. Wachimbaji walitoka zamu, wakaoga, wakaja na taulo shingoni hata kama nywele hazikuwa zimeota. Kulikuwa na mchezo mmoja wa mtu anayekimbia na kuchimba mashimo. Huo uliwavunja mbavu.

"Mtazameni huyo, anachimba bila nguzo hata moja."

"Msimamizi wake nani?"

"Amelewa, yuko juu huko."

Tokiko ilimbidi kuinua wembe kidevuni mwa mteja mpaka vicheko viishe.

Jioni duka lilikuwa la watoto. Walimwita shangazi, na sheria zake zilikuwa chache: vua viatu, nawa mikono, ukishindwa inuka. Aliyewashinda wote ni Manami, binti wa Orie Tsuboi, mtoto wa darasa la tatu mwenye magoti yaliyochubuka mwaka mzima. Baba yake alikuwa zamu moja na Kenzo. Manami na Kenzo walipenda kucheza pamoja mchezo wa vifaru, ambao wachezaji wawili mko upande mmoja, mnalinda ngome ndogo iliyo chini kabisa kwenye kioo cha televisheni. Ngome ikipigwa risasi moja tu, mchezo umekwisha, hata kama vifaru vyenu bado vizima. Na risasi yako mwenyewe huibomoa vilevile.

"Mjomba, unaniziba njia."

"Mimi ndiye mkubwa hapa."

"Mkubwa wa kuwahi kufa."

Kenzo akacheka mpaka kifaru chake kikafa kweli.

Mwaka wa pili baada ya hapo, mwezi wa Mei, theluji ya mwisho ikiwa bado imejificha kwenye vivuli vya nyumba, king'ora cha mgodi kililia. Sisi tulivijua ving'ora vyetu. Cha kubadili zamu kilikuwa kifupi. Hiki hakikukatika. Wanawake walitoka na aproni zao, wengine na viatu vya ndani, wakaanza kupanda barabara ya mgodini bila kuulizana kitu. Kaka yangu alikuwa chini mgodini. Niliacha tofu kwenye maji nikakimbilia kwa Tokiko.

"Twende," nikamwambia.

Alikuwa amesimama katikati ya duka, mkasi bado mkononi. Watoto kama kumi walikuwa wamekaa sakafuni, wametugeuzia migongo, macho kwenye kioo. Hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa.

"Mama zao wote wamepanda?" akaniuliza.

"Wote."

"Basi nenda, Hamae. Mimi nitabaki na hawa."

"Na Kenzo?"

"Nikienda nitamtoa kwa mikono? Nenda."

Nikaenda. Gesi ilikuwa imelipuka mbali ndani, kisha moto ukashika. Tulisimama langoni tukisikiliza majina yakisomwa, jina baada ya jina, la waliotoka. Kaka yangu alisomwa kabla jua halijazama. Kenzo Sugaya hakusomwa. Tsuboi, mume wa Orie, hakusomwa.

Giza lilipoanza kuingia, akina mama wakashuka kuwachukua watoto. Nilishuka na Orie. Tulipofungua mlango wa kinyozi, duka lilikuwa kimya kabisa. Watoto walikuwa wamekaa vilevile. Manami alikuwa na pedi mkononi, na kwenye kioo yalikuwa yameandikwa yale maneno ya kusema mchezo umekwisha.

Orie akamnyang'anya pedi akaibamiza sakafuni, akamgeukia Tokiko.

"Baba yake anaungua chini ya ardhi, wewe unamchezesha! Una moyo wa namna gani?"

Tokiko akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mbao.

"Nisamehe," akasema. Hakusema kwamba yeye naye ana mtu chini, na Orie hakuwa na nafasi moyoni ya kulikumbuka hilo. Akamkokota mtoto wakatoka.

Miili ya wanaume wale ilitolewa wiki ileile, moto ulipozimwa. Tuliwazika katika mazishi ya pamoja, kwenye ukumbi wa shule. Baada ya hapo Tokiko aliifunika mashine kwa kile kitambaa cheupe cha kufunga wateja shingoni, akaendelea na kazi. Televisheni ikarudi kwenye sumo. Watu walisema maneno, kama kawaida ya watu. Wengine walimtetea, wengine waliona Orie ana haki. Manami hakuonekana dukani kwa wiki nyingi.

Ilikuwa kiangazi alipokuja. Tokiko alikuwa akifagia. Mtoto alisimama mlangoni, nywele zimekatwa upande mmoja juu, upande mmoja chini.

"Nani amekunyoa hivyo?"

"Mama."

"Anajua uko hapa?"

"Hajui."

"Basi rudi nyumbani, mwanangu. Mama yako hapendi."

Manami hakuondoka. Alikuwa anakitazama kile kitambaa cheupe.

"Shangazi, mjomba Kenzo amenikasirikia?"

"Akukasirikie kwa lipi?"

"Mimi ndiye niliyeshindwa."

Hapo ndipo Tokiko alipokaa chini. Maana siku ile ya king'ora yeye mwenyewe alikuwa amenyoosha mkono abadilishe televisheni apate habari, na Manami ndiye aliyemshika aproni. "Usibadilishe, shangazi. Tukiilinda ngome mpaka mwisho, watatoka." Watoto wote walikuwa wanajua. Ni watoto wa wachimbaji, king'ora kile walikijua kuliko wimbo wa shule. Wakacheza kwa zamu alasiri nzima bila ugomvi, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea, na Tokiko akaurudisha mkono wake akakaa nyuma yao. Jioni, zamu ikiwa ya Manami, ngome ikapigwa. Punde tu, mlango ukafunguliwa, akaingia mama yake.

"Sikiliza," Tokiko akamwambia. "Mlipuko ulikuwa umeshatokea kabla hamjakaa. Mchezo haukuwa na la kufanya."

Manami akatikisa kichwa kukubali, kama watoto wanavyowakubalia wakubwa ili wakubwa waache. Tokiko akaona kabisa kwamba hajaamini.

Alizunguka na jambo hilo siku kadhaa. Mwisho akapiga moyo konde akaenda kwenye safu za nyumba za wachimbaji, akabisha kwa Orie.

"Unataka nini?" Orie akauliza bila kumkaribisha ndani.

"Nina neno kuhusu Manami. Ukishanisikia, nifukuze."

Akamweleza yote palepale mlangoni. Orie alisikiliza, mkono umeshika fremu ya mlango.

"Mbona hukuyasema siku ile?"

"Ungemuuliza mtoto."

"Ndiyo, ningemuuliza."

"Ndiyo sababu. Lawama ingemwangukia yeye."

Orie akafunga mlango. Tokiko alirudi akijua ameharibu zaidi. Lakini Jumatatu, siku ambayo vinyozi hufunga, nilikuwa kwake nimempelekea tofu, tukamwona Orie anavuka barabara amemshika Manami mkono. Orie aliingia, akavua viatu, akaenda kukaa sakafuni mbele ya televisheni.

"Iwashe," akasema.

Tokiko akaondoa kitambaa. Manami alisita, kisha akaichukua kaseti, akaipuliza vumbi na kuichomeka. Wakakaa mama na mwana, wamebanana kwa sababu ya zile nyaya fupi. Orie hakuwahi kushika kitu kile maishani mwake. Aliishika pedi kama mtu aliyepewa samaki aliye hai.

"Hiki ni mimi?"

"Hicho ni mimi. Wewe ni kile kingine."

"Napigaje?"

"Bonyeza, mama. Siyo huko! Mama, hiyo ni ngome yetu!"

Kishindo kidogo kikasikika. Mchezo ulikuwa haujafika hata dakika. Orie ameibomoa ngome kwa mkono wake.

Niliona shingo ya mtoto imekakamaa.

"Tumeshindwa?" Orie akauliza.

"Tumeshindwa."

"Sasa inakuwaje?"

"Unabonyeza hapa."

Akabonyeza. Ngome ikarudi, nzima, kama haijaguswa. Orie akaibomoa tena. Akabonyeza tena. Sijui kama baada ya hapo alikuwa anakosea au anakusudia, sikuthubutu kumuuliza hata baadaye. Aliibomoa mara nyingi, uso mkavu, mpaka Manami mwenyewe akaacha kucheza akabaki anamtazama. Kisha Orie akaiweka pedi chini.

"Manami, nitazame. Nimeibomoa ngome hii tangu tumekaa. Nimemuua nani?"

Mtoto akainamisha kichwa.

"Nakuuliza. Nimemuua nani?"

"Hujaua mtu," Manami akasema. Alilia kilio ambacho hakukilia mazishini. Orie akamvuta kifuani, naye akalia. Tokiko akanishika mkono tukatoka nje, tukasimama barabarani kama watu wanaosubiri basi.

Msidhani tangu hapo Tokiko na Orie wakawa marafiki. Orie alimruhusu mtoto kucheza na kunyolewa, lakini yeye na Tokiko walipokutana walisalimiana tu na kupita. Mgodi ulifungwa baada ya miaka michache. Orie akamchukua Manami wakahamia Chiba, karibu na Tokyo, kwa ndugu yake, na safu za nyumba zikabomolewa moja baada ya nyingine.

Mashine mpya zilikuja, zenye picha nzuri zaidi, kisha nyingine zikazipita hizo. Watoto wachache waliobaki wakamwambia Tokiko, "Shangazi, nunua mpya."

"Kwani hii imeharibika?"

"Hapana."

"Basi."

Kampuni ya Kyoto iliyoiunda mashine ile iliendelea kuitengeneza kwa miaka ishirini, ikaacha. Baadaye ikaacha hata kupokea zilizoharibika. Ya Tokiko iliendelea kuwaka. Ilikuwa imegeuka njano kama jino la mvutaji, na maandishi kwenye pedi yalikuwa yamefutika kwa vidole vya watu ambao wengine hawapo duniani. Wazee wenye vifua vilivyoharibiwa na vumbi la makaa walikuja kuicheza wakipumua kwa shida. Watu wazima, waliokuwa watoto wa duka lile, walitoka Sapporo na hata Tokyo, wenye mvi, wakiwa na kisingizio cha kunyolewa. Mmoja wao alikuwa akifanya kazi ya kutengeneza michezo ya kisasa. Tokiko akamuuliza anafuata nini kwenye takataka ile.

"Shangazi, zile zetu ukiziwasha zinakwambia subiri," akajibu. "Hii unasukuma swichi, iko tayari inakungoja wewe."

Tokiko alilifikiria jibu hilo akaniambia lina maana, ingawa kwa maoni yake watu wale walifuata zaidi kukaa sakafuni karibu na mtu.

Orie alirudi mara moja tu katika miaka yote hiyo. Ilikuwa vuli, mwaka ambao Tokiko alikuwa amesema huu ndio wa mwisho kunyoa, mikono imeanza kumsaliti. Manami, mama wa watoto wawili sasa, ndiye aliyeendesha gari. Walitoka makaburini. Manami na wanawe wakaenda moja kwa moja sakafuni, na kelele za vifaru zikaanza. Orie alisimama kando, amepinda mgongo, anaangalia kuta.

"Bado unanyoa shingo za wanawake?" akauliza.

"Kaa."

Akakaa kwenye kiti. Tokiko akamfunga kitambaa, akampaka povu la moto nyuma ya shingo, akanoa wembe. Nilikuwa kwenye benchi la wateja. Kwa muda sikusikia ila wembe na watoto wakibishana nani kaziba njia.

"Siku ile sikuwa nimekumbuka kwamba wewe pia ulikuwa na mtu chini," Orie akasema. "Nilikumbuka baadaye. Miaka yote hii sijakuomba radhi."

"Usitingishike," Tokiko akamwambia. "Wembe uko shingoni."

Orie akatulia. Tokiko akaweka mkono wake wa kushoto juu ya kichwa cha Orie, ili kisicheze, akamalizia kunyoa taratibu.