Kisima cha Chumvi na Wageni wa Visiwani

Siku ya kwanza kazini nilipewa kofia yenye nembo ya mradi, kalamu, na amri moja: fupisha. Mratibu wa Nyanjani, yule aliyesimamia vijiji vyote kutoka ofisi ya Isiolo mjini, alinipa hiyo amri tukiwa tunapanda gari kwenda Garbatulla. "Mzee akiongea dakika kumi, dada, mimi nipe dakika moja. Wageni huchoka." Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, cheti cha kidato cha nne, Kiborana cha mama yangu na Kiingereza cha shule. Nikaitikia.

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini. Cheka ukitaka. Nawaandikia nyinyi wasichana mnaouliza kama mradi bado unatafuta wakalimani. Unatafuta. Nafasi yangu iko wazi.

Kazi yenyewe ni kutafsiri kwa zamu: mtu anasema kidogo, ananyamaza, unasema wewe. Unasimama kwenye bega la kushoto la mgeni, nusu hatua nyuma, usije ukaingia kwenye picha. Na husemi, "Mama huyu anasema ana kiu." Unasema, "Nina kiu." Unavaa mdomo wa mtu. Sheria hiyo alinifundisha Afisa wa Jamii wa Garbatulla, mama ambaye nadhani alikuwa amechoka kabla mimi sijazaliwa. Aliniambia nikiongopa kwa mdomo wa mtu mwingine, aibu inabaki kwake, na yeye hata hajui. Nikaandika kwenye daftari, nikasahau.

Kijijini Leparua nilipelekwa mwezi mmoja tu, kwa sababu Mratibu alidhani watu wote wa Isiolo wanaongea lugha moja. Nilisimama pale mbele ya akina mama wa Kiturkana bila neno, mpaka wakatafuta mtu wa kunitafsiria mimi. Walicheka hadi wakakaa chini. Hao ndio watu pekee katika kazi hii ambao sikuwahi kuwadhuru.

Mwaka wa tatu nikahamishiwa Biliqo. Kisima tulichokuta huko kilikuwa cha chumvi. Sabuni haitoi povu, na chai ya maji yale hata mgeni mwenye adabu anaiacha. Mradi ukataka kuleta mashine ya kuondoa chumvi. Inaenda kwa nguvu ya jua. Maji yanasukumwa kwenye vichujio, upande mmoja yanatoka matamu, upande wa pili yanatoka makali kuliko yalivyoingia. Haya ya pili tuliyaita mabaki. Kwenye mchoro ulioonyeshwa watu barazani, mabaki hayakuwemo.

Aliyeona hayamo ni Mzee Guyo. Yeye ni aba herega, yule anayepanga zamu za kunywesha kisimani: leo ngamia wa nani, kesho mbuzi wa nani. Hata uwe tajiri namna gani, kwake unangoja. Alisimama akaongea kirefu, kuhusu kisima cha baba yake na ngamia wa mtu fulani aliyeruka zamu, nami nikiona Mratibu anaangalia saa. Mwishoni akasema, "Chumvi haifi. Mkiitoa kwenye maji, mtaiweka wapi?"

Nikageukia wageni, nikasema kwa Kiingereza, "Ninaushukuru mradi huu."

Dakika moja haikufika. Wageni wakapiga makofi. Mzee Guyo akabaki amesimama, anangoja jibu. Hakuwaangalia wao, aliniangalia mimi. Nikaenda kuchukua soda.

Mashine ikajengwa. Ikaundwa kamati, mwenyekiti na katibu na watu wanaojua kutia sahihi, na aba herega akaachwa nje kwa sababu hana sahihi. Mabaki yakaelekezwa kwenye kishimo nyuma ya hori la kunyweshea mifugo. Kishimo kikawa cheupe. Na mbuzi wanapenda chumvi, kila mtoto wa kwetu anajua. Qabale, mjane aliyekaa jirani na mashine, mbuzi wake walikunywa pale wakatupa mimba karibu wote. Mimi ndiye niliyeandika ripoti ya mwaka ule. Iliitwa ripoti ya mafanikio, na Qabale yumo, kwenye picha, ameshika mtungi.

Miaka minne baada ya baraza lile ndipo wakaja wageni wa visiwani. Ziara kama ile huitwa ya kubadilishana ujuzi: watu wa mbali wanaletwa waone kilichofaulu, wakafanye vivyo hivyo kwao. Walikuwa watatu, kutoka nchi ndogo za katikati ya bahari ambako maji ya chumvi yanaingia kwenye visima kutoka chini. Kiongozi wao alikuwa mama mhandisi wa maji, mwenye mvi na viatu vya plastiki. Alinichekesha garini aliposema kisiwa chake unakivuka kwa miguu kabla uji haujapoa. Kesho yake, hotelini Isiolo mjini, wangetia sahihi wapelekewe mashine kama yetu, kisiwa baada ya kisiwa.

Mkuu wa Ushirikiano wa mradi alikuwa amekuja kutoka Nairobi kwa ajili yao. Binti yangu alikuwa na miezi mitatu, mgongoni. Mkuu alimwangalia kama mzigo uliopotea njia, akaniambia nimwache garini, ataharibu picha. Garini, kwenye jua la Biliqo. Sikumwacha.

Yule mama alizunguka mashine mara mbili, kisha akamuuliza Qabale swali kwa Kiingereza: yale maji makali yanaenda wapi?

Lilikuwa swali la Mzee Guyo. Limezunguka dunia likarudi kwenye mdomo wangu. Mkuu akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Sema yanashughulikiwa."

Nikamtafsiria Qabale swali lote. Akajibu. Nikasema kwa Kiingereza, neno kwa neno, "Yanaenda kwenye kile kishimo. Mbuzi wangu waliyanywa wakatupa mimba. Sikuulizwa. Mzee wetu aliuliza kabla hamjajenga, hakujibiwa."

"Hayo ni yake au ni yako?" Mkuu akauliza.

"Ni yake. Mzee kutojibiwa ni kosa langu."

Yule mama akaenda kwenye kishimo, akachovya kidole, akaonja, akatema. Akasema kwao mabaki yangemwagwa kwenye maji ya kina kifupi ambako samaki wanazaa, kwa sababu mbele ni bahari na nyuma ni bahari. Kesho yake hawakutia sahihi. Waliomba barua ieleze mabaki yatawekwa wapi. Kama walijibiwa, sijui.

Mkataba wangu uliisha mwezi uleule na hakuna aliyeniita kuufanya upya. Mratibu alipiga simu kwa sauti tamu: "Pumzika, dada, ulee mtoto." Kwani nilikuwa simlei?

Nimechoka na neno ushirikiano. Mmoja amezungukwa na chumvi, mwingine amekalia chumvi, wanaletwa kutoka mbali hivyo wakutane, halafu katikati anawekwa mtu wa kufupisha. Mtu huyo alikuwa mimi, na nililala usingizi mzuri tu. Mkipewa kofia, ichukueni, jua ni kali. Mkiambiwa fupisheni, kumbukeni kile kishimo.

Nilirudi Biliqo kumwomba Mzee Guyo msamaha. Mashine ilikuwa imezimwa, mashimo ya zamani ya kuchimba kwa mkono yamefunguliwa tena. Nikamkuta akimfokea mwenye ngamia mmoja aliyetaka kuingia kabla ya zamu. Nikatoa salamu. Akaitikia, akaniambia ningoje nyuma ya yule mtu. Nikangoja na mtoto mpaka ngamia wote wakanywa.

Nilimweleza yote. Alisikiliza, mkono kwenye fimbo.

"Kama hukuweza kulipeleka swali langu, intala," akasema, yaani binti, "ungelinirudishia. Ningetafuta mtu mwingine."

Kisha akaita mwenye mbuzi. Zamu yangu ilikuwa imekwisha.