Uzi wa Kwenda Sofia

Nilikuwa katibu wa kijiji chetu cha ujamaa, Handeni, kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyekuwa nimemaliza kidato cha nne. Nilikuwa na atlasi, na atlasi ile ilinipa kiburi.

Jirani yangu alikuwa mjane. Mwanawe wa pekee alipata nafasi ya kusomea kilimo Sofia, kule Bulgaria. Angepanda basi Korogwe, alale Dar es Salaam, kesho yake apande ndege. Mama alikuja kuniomba ruhusa akamuage stendi. Ilikuwa wiki ya palizi katika shamba la kijiji.

"Korogwe ya nini, mama? Ndege yake itapita hapa hapa."

Nikanyoosha uzi mweusi kwenye ramani, kutoka Dar es Salaam hadi Sofia. Ulipita juu ya Handeni. Ulipita juu ya Korogwe pia, maana unene wake uliziba wilaya zote mbili, lakini hilo sikulisema. Nikaupima: zaidi ya kilomita elfu tano, saa nane angani.

"Atafika saa nane mchana?"

"Hapana, mama, huo ni urefu wa safari."

"Na huyo Sofia, kwao hakuna wanaume mpaka aitiwe watoto wa watu?"

Tulicheka. Kijana alikuwa ameniambia ndege inaondoka saa nne. Nikamwambia mama asubiri saa nne na nusu asubuhi, shambani, ashike mtandio mweupe.

Siku hiyo anga lilikuwa tupu. Mama aliacha jembe, akapunga mtandio. "Huyo! Jamani, huyo!"

"Shoga, unampungia mwewe?" mwenzake akamtania.

Hapakuwa na mwewe, wala mlio wowote. Kisha kivuli kikubwa kama nyumba kikapita juu ya mahindi, polepole, kutoka kusini kwenda kaskazini. Kilinifikia, kikanifunika. Nilitazama juu nikaona jua tu. Hakuna aliyecheka tena.

"Ameniita mara mbili," mama alisema.

Barua ilipofika, nilimsomea mimi. Kijana aliandika kwamba waliondoka saa nne usiku. Aliandika pia: "Nilikungoja mlangoni mwa basi Korogwe mpaka konda akanisukuma ndani. Mbona hukuja?" Sehemu zote mbili niliziruka.

"Hakuandika kama aliniona?"

"Ameandika, mama."

Basi kila asubuhi, saa ile ile, alisimama na kupunga. Kivuli nilikiona mara tatu zaidi. Nilianza kutafuta kazi za ofisini saa hizo.

Alifariki kabla mwanawe hajarudi. Kijana aliporudi alikuja kwangu moja kwa moja, akaniuliza kwa nini mama hakwenda kumuaga. Nikamwambia nilimzuia kwa ajili ya palizi.

"Alijua kwamba nilimngoja?"

"Hapana. Sikumsomea."

Mpaka leo tukikutana hunipa shikamoo, kama adabu inavyotaka. Hangoji marahaba yangu.