Barua ya Posa Chini ya Kofia

Nawasimulia mwenyewe, maana Korogwe nzima mnaisimulia vibaya safari yangu ya posa. Ndiyo, niliingia kwa wakwe Handeni nimelowa chapachapa, na mshenga wangu uso wa bluu. Aibu niliipata, siikatai. Ila kujuta, hapana, na anayesubiri nijute aendelee kusubiri.

Rajabu ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea mimi, na ni fundi gereji hapahapa Korogwe. Alimpenda Zaina wa Handeni, tukapeleka salamu, tukajibiwa tulete barua ya posa Jumamosi baada ya adhuhuri, tena tusichelewe, kwa sababu barua ya kijana mwingine ilishafika na wazee wangekaa siku hiyohiyo kuamua. Mpaka hapo sikuwa na neno. Kilichoniuma ni baba mdogo wa Zaina kusema kwamba fundi wa kushinda chini ya magari ya watu atamlisha binti yao grisi.

Gari la kukodi, Noah, lilikuwa limeshafika mlangoni, nikalirudisha. Rajabu alikuwa na gari jekundu la spoti, la viti viwili, lisilo na paa (paa lilioza zamani huko lilikotelekezwa), alilolifufua kwa mikono yake mwaka mzima, nikasema leo wakwe watalitazama kwa macho yao. Kuendesha najua, nimebeba machungwa kwa lori la Canter miaka kumi na moja, msinitazame hivyo.

Mshenga wetu, Mzee Shekue, akatokea na kanzu nyeupe na kofia aliyoshonewa na mkewe kwa mkono, akaangalia milimani.

"Mwanangu, wingu lile halijakaa vizuri."

Nikamjibu kwamba mvua ya Usambara huishia hukohuko Usambara, nikamkabidhi barua, tukaondoka sisi wawili, Rajabu na majirani wakitupungia.

Mvua ilitukuta kabla ya Sindeni. Sasa Rajabu alikuwa amenifundisha kwamba gari la wazi ukilikimbiza mvua inapita juu ya kioo na kuangukia nyuma, ukisimama ndipo unapolowa, na ni kweli kabisa, tulikimbia wakavu, watu waliojibanza vibarazani wakitushangaa, nami nikawapigia honi (hapo ndipo nilipojisahau), mpaka tulipokata kona tukakuta ng'ombe wa Kimasai wamejaza barabara nzima na hakuna hata mmoja mwenye haraka ya posa. Nikasimama, mvua yote ikahamia kwetu. Mchungaji alijifunika shuka lake, akaja kututazama, akaniuliza kwa upole, "Mama, paa umeliacha nyumbani?"

Mzee Shekue akafanya kama mzee yeyote wa kwetu angefanya, maana kitu cha heshima mahali pake ni kichwani. Akaikunja barua, akaiweka chini ya kofia, akaikandamiza vizuri, nami nikamsifu kwa busara. Wote wawili tulisahau kwamba kofia nzuri ya kushonwa kwa mkono ni vitobo vitupu, na kwamba barua yetu ilichapwa stesheneri kwa wino wa bluu, na maua pembeni (maua niliyataka mimi). Ng'ombe walipoisha nikakimbiza gari, macho barabarani, pale Misima tukalipita gari moja limezimika, boneti wazi, halina mtu, na wala sikumtazama tena mzee wangu.

Tulifika kwa wakati. Tukatoa shikamoo kwa wazee walioketi mkekani, nikashangaa mbona wanaitika huku wanatazamana, ndipo nilipogeuka nikamwona Mzee Shekue, michirizi ya bluu imemshuka kutoka kwenye kofia hadi ndevuni, kanzu nayo imepata sehemu yake. Baba mdogo akapokea barua aisome mbele ya watu kama ilivyo desturi, ikamgeukia uji mkononi. Akasema barua isiyosomeka haijafika, tuje siku nyingine. Siku nyingine maana yake Zaina keshachukuliwa. Nikasikia machozi yananijia, nikakasirika badala yake, ndivyo nilivyoumbwa.

"Barua imefika," nikasema. "Maneno yote yapo usoni kwa mzee huyu, anayetaka kuyasoma asogee."

Nyuma ya pazia msichana akacheka, halafu akajikohoza. Baba mdogo hakucheka. Akasema na hilo gari limejaa maji, tutalisukuma mpaka Korogwe. Nikamwomba atoke anione, tukatoka wote mvuani. Ndani ya gari maji yalinifika vifundoni, kiti kikatoa povu nilipokikalia. Nikamwomba Mungu kimoyomoyo, nikazungusha ufunguo, likawaka mara moja.

Bibi yake Zaina alikuwa amesimama mlangoni na kanga kichwani. Akamgeukia mwanawe, yule baba mdogo.

"Lako lenye paa umeliacha Misima tangu asubuhi, umekuja kwa bodaboda. Huyo fundi ndiye ninayemtaka."

Ndoa imeshafungwa. Nimeapa kwamba barua ya posa sitaiweka tena chini ya kofia ya mtu, nitaibeba mwenyewe kifuani, na maua sitaki. Mzee Shekue nimemnunulia kanzu mpya, kofia mpya ameikataa, ile yenye madoa ya bluu anaivaa kila Ijumaa. Rajabu naye ananibembeleza alishonee gari paa la turubai. Nimemkatalia, likishapata paa litakuwa gari la mtu yeyote.