Mwonja Chumvi wa Ramadhani

Nimekula mchana wa Ramadhani, tena kwa makusudi. Naliweka hilo mbele ili anayetaka kuniacha hapa aniache, maana sitaki mtu anifuate mpaka mwisho kisha aseme nilimficha. Nilikula ugali na maharage uani kwa mama mkwe wangu, Makambako, wanawake wa msikiti wetu wakinitazama, na nilipomaliza nikameza kidonge kwa maji ya bomba. Sijamwomba mtu radhi kwa hilo na sina mpango huo.

Nilizaliwa Yakobi, pembeni mwa mji wa Njombe, kwenye nyumba ya Kilutheri ambayo Jumapili hakubaki mtu isipokuwa mgonjwa na mbwa. Nilisilimu kwa hiari yangu kabla ya kuolewa, na aliyenifundisha dini ni mama mkwe. Yeye ni mtu wa Kilwa. Alipanda huku na mumewe, dereva wa lori, wakaona Makambako njia zinagawana na wasafiri hawaishi, wakafungua hoteli ndogo ya chakula. Mume alishafariki, hoteli ipo, na baridi mama mkwe hajaizoea mpaka leo. Hata jua likiwaka anavaa sweta juu ya dera.

Alinikalisha jikoni akasema tuanze na mtu ninayemjua, akanisimulia habari za Bibi Mariamu. Mimi Mariamu niliyemjua alikuwa yule wa Krismasi, ametulia pembeni ya hori, hana hata jasho. Huyu wa mama mkwe alikuwa peke yake kwenye shina la mtende, uchungu umemshika, anatamani angekuwa amekufa kabla ya siku hiyo na kusahaulika kabisa. Nilishtuka. Nikamuuliza kama mtu wa Mungu anaruhusiwa kusema maneno hayo.

"Aliyasema, mwanangu, na yameandikwa," akanijibu. "Wala Mungu hakumkaripia. Aliambiwa asihuzunike, ale tende, anywe maji, atulie."

Tukaendelea kumenya viazi. Sikujua kwamba alikuwa amenipa akiba.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, kila kitu kilikuwa sawa, na hilo ndilo lililowaudhi watu. Mume wangu alikuwa mwema, mtoto alikuwa mzima, nyumba ilikuwa na chakula. Lakini nilikuwa nakaa kitandani na kitana mkononi tangu asubuhi mpaka watu watoke kazini, nywele hazijaguswa. Ugali ulikuwa kama maranda ya mbao mdomoni. Mtoto akilia nilimsikia kama mtoto wa jirani, nikawa nasubiri mama yake aje. Maziwa yakakauka, tukaanza kununua ya ng'ombe. Nilikuwa natamani nisiwepo, na nililitamani jambo hilo kwa utulivu, kama mtu anayetamani kulala.

Mama mkwe alisema ni jini, au ni husuda, au ni imani ambayo haijashika mizizi kwa kuwa nimesilimu ukubwani. Alileta watu wa kunisomea. Na niseme ukweli, kisomo nilikipenda. Sauti zile zilinifanya nilie, na kulia kulikuwa nafuu kuliko kukaa mkavu. Lakini wakishaondoka na bakuli lao la maji ya kisomo, mimi nabaki na kitana changu. Mama yangu mzazi naye alikuja kutoka Yakobi na mfuko wa viazi. Aliniamkia "kamwene" kwa Kibena, kama vile anaamkia mgeni, akaketi, akanitazama sana, kisha akasema, "Ulimwacha Yesu mwenyewe. Turudi nyumbani, mchungaji akuombee." Dini mbili ambazo hazijawahi kuelewana hata juu ya supu ya nguruwe zilielewana juu yangu: kosa ni langu.

Mume wangu ndiye aliyechoka kusikiliza. Alinipakia kwenye basi na mtoto tukaenda Njombe, kwenye kliniki ya afya ya akili. Daktari alikuwa mama mmoja mwenye haraka, lakini haraka yake aliiweka pembeni akaniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza, na hakuna hata moja lililohusu imani yangu. Akasema naumwa, na ugonjwa wenyewe unaitwa sonona. Akanipa vidonge, asubuhi, mchana na jioni, juu ya chakula. Nilikuwa nimekonda mpaka pete inachomoka kidoleni, kwa hiyo akanikazia nile milo yote. Na alipoona nimejitanda ushungi akaongeza, "Mwezi wenu unakaribia. Mwaka huu usifunge. Nikisema usifunge, simaanishi ujaribu kwanza."

Nikajaribu kwanza. Nilitaka kufunga, jamani. Watu wanadhani asiyefunga anakwepa njaa, wakati mimi njaa ndiyo niliyokuwa naitafuta, niwe kama wenzangu walau kwa kitu kimoja. Na mama mkwe aliniambia kwa upole kabisa kwamba moyo uliosononeka dawa yake ni funga, si vidonge vya Njombe. Nikaacha kidonge cha asubuhi na cha mchana. Cha jioni nacho nikakisahau, kwa sababu nilikuwa sina hamu ya futari wala ya kitu kingine. Haikuchukua muda. Alasiri moja ya mvua nilijikuta nimesimama, mtoto mgongoni, mahali ambapo mtu mwenye mtoto mgongoni hana shughuli napo. Sisemi ni wapi. Mwanamke aliyekuwa anapita na mzigo wa kuni alinishika kiwiko akasema, "Mama, mtoto analowa." Akanisindikiza mpaka nyumbani na kuni zake kichwani, wala hakuuliza.

Siku ile nilimwambia mume wangu: nikiacha dawa nitakufa, na nikifunga nitaacha dawa. Nikala mbele yake. Yeye amefunga, ananipakulia mboga, machozi yanamtoka. Tangu hapo halikuwa suala la funga tena, lilikuwa ni suala la mtoto wangu kuwa na mama.

Mama mkwe hakubisha. Alichofanya ni kunificha.

Sasa nieleze desturi yetu. Makambako jua huzama na watu bado wako barabarani: madereva, utingo, abiria ambao basi limewaharibikia. Kwa hiyo wanawake wa msikiti hupika futari ya pamoja kwa ajili ya wasafiri, na hupikwa uani kwa mama mkwe kwa kuwa ndiye mwenye masufuria makubwa. Magimbi, mihogo, maharage ya nazi, uji. Mchana kutwa tunapika na hakuna anayeonja. Ila chumvi lazima ionjwe, na ya kupikia watu wengi haikisiwi kwa jicho. Anayeonja ni yule ambaye siku zake zimefika, asiyefunga wala kuswali kwa udhuru wa kike. Hakuna anayelitaja. Mtu anakupa mwiko tu, anasema, "Hebu shika," na wote wameelewa, mazungumzo yanaendelea.

Mama mkwe akanipa mwiko. Wote wakaelewa, na wote wakaelewa vibaya, kama alivyokusudia. Mchana alikuwa akinisogeza nyuma ya stoo ya mkaa nile nimegeukia ukuta, yeye amesimama mlangoni ananikinga. Nilikuwa nameza kidonge changu kama mwizi wa kuku.

Lakini udhuru ule una kikomo chake, na wanawake wanajua kuhesabu. Wiki ikapita, mwiko bado ninao. Ikapita nyingine. Wenzangu wakapokezana udhuru wao wakamaliza, wengine wakarudi kufunga, mimi bado ndiye mwonja chumvi. Minong'ono ikaanza. Wengine walisema nimerudi kanisani kimyakimya. Mke wa muuza vipuri, mwanamke aliyehifadhi sura nyingi za Kurani kuliko sisi wote na mwenye sauti ya kuzisomea, alikuja na wazo la huruma zaidi. Alinivuta pembeni akanitia mkononi kifurushi cha gazeti.

"Mizizi hii ni ya kukausha damu," akaninong'oneza. "Chemsha, unywe asubuhi, mchana na jioni. Damu gani hii, mdogo wangu, isiyokatika? Itakumaliza."

Nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu nijifungue, na kicheko kilitoka na kutu zake, kikubwa kupita kiasi, mpaka wote wakaacha kazi wakanitazama. Nilitazama ile mizizi. Asubuhi, mchana na jioni, kama vidonge vyangu vilevile. Kwa damu isiyokuwepo nilikuwa naonewa huruma na kuletewa dawa. Kwa ugonjwa niliokuwa nao nilikuwa nafichwa nyuma ya mkaa. Hasira ilinipanda, hasira safi ya mtu mwenye afya, na niliifurahia.

"Sina damu, dada," nikasema, na sikunong'ona. "Nina sonona. Nakunywa dawa za hospitali, na daktari amenikataza kufunga."

Mama mkwe akasema, "Mwanangu, ingia ndani."

Sikuingia.

"Sonona ni mawazo," mke wa muuza vipuri akasema. "Mwenye imani hasononeki. Anamkumbuka Mungu, moyo unatulia."

"Nabii Yaakub alimlilia mwanawe mpaka macho yakapofuka," nikamjibu. "Nani hapa atampima imani yake?"

Nikaona nimepata nafasi, nikaitumia yote. Nikawakumbusha kwamba shehe wetu ana sukari, kila Ramadhani anakula mchana, na hakuna aliyewahi kumfuata na bakuli la kisomo wala kumwambia kongosho lake limepungukiwa imani. Ruhusa ya mgonjwa imeandikwa kwa mgonjwa, nikasema, hawakuandikiwa wa malaria na sukari peke yao. Siku nilizokula nitazilipa nikipona. Nisipopona, atakayeniuliza ni Mwenyewe, na Yeye haniulizi mbele ya masufuria.

"Umenivua nguo mbele za watu," mama mkwe akasema polepole.

"Wewe ndiye uliyenifundisha, mama. Bibi Mariamu alipotamani kufa, aliambiwa afanye nini?"

Nilijua anajua, na yeye alijua najua.

"Aliambiwa ale na anywe," akasema. Kisha, kwa kuwa yeye ni mtu wa Kilwa na hakubali kushindwa kirahisi, "Na aliambiwa asiseme na watu."

"Ndiyo. Alikuwa na mtoto mchanga aliyefunguliwa kinywa akamsemea. Wa kwangu hajaanza hata kutambaa."

Nikachota ugali uliobaki wa jana, nikamwagia maharage, nikakaa kwenye kigoda katikati ya ua, nikala. Sikula kwa raha, niseme kweli. Mvua ilikuwa inaanza. Lakini sikugeukia ukuta. Wawili walichukua kanga zao wakaondoka, mama mkwe akaingia ndani akafunga mlango.

Kesho yake hakuna aliyenipa mwiko. Nilikuwa nakuna nazi, nimetengwa vizuri, kama mtu mwenye surua. Sufuria la maharage likachemka, na kwa bahati, au kwa mpango wa Mungu ambaye mimi simsemei, siku ile hapakuwa na hata mmoja mwenye udhuru. Wakatazamana. Mmoja akasema waweke kwa kukisia. Jua lilikuwa limeanza kushuka na malori yalikuwa yanapaki.

Mama mkwe alitoka ndani na sweta lake, akauchukua mwiko, akauchovya, akaja mpaka nilipokaa. Alisema kwa sauti ya hotelini, ile anayowaitia wateja walio ng'ambo ya barabara.

"Mkwe wangu anaumwa, hafungi. Onja, mama."

Nikaonja. Chumvi ilikuwa haitoshi, nikamwambia, akaenda kuongeza. Hatujawahi kulizungumza tena. Ila tangu siku ile chakula changu cha mchana alikipakua mwenyewe, akakiweka mezani, hotelini, kwenye meza inayotazama mlango.

Sijapona kabisa, na wanaopenda hadithi ziishe kwa mtu kupona watanisamehe. Zipo asubuhi kitana bado kinanishinda. Lakini mtoto akilia sasa najua ni wangu, naenda. Dua naomba na vidonge nameza, na sijaona kimoja kikimgombeza mwenzake. Mama yangu wa Yakobi nilimwambia hivyohivyo kwamba niombewe tu, ila mchungaji aombe huku nikiwa nimeshakunywa dawa.

Idi ilipopita, mke wa muuza vipuri alinirudishia sahani ya tambi niliyompelekea. Hakuingia. Alisimama mlangoni akaifuta sahani kwa upindo wa kanga, ingawa ilikuwa imeshaoshwa, akazungumzia bei ya mchele, akazungumzia mvua. Aliondoka akafika kwenye geti. Akarudi.

"Ile kliniki yako ya Njombe," akasema, na sauti ile ya kusomea sura ilikuwa haipo. "Wanafungua saa ngapi?"

Nilimtazama mikono. Pete yake ilikuwa imezungushiwa uzi ili isianguke. Sikumuuliza anamuulizia nani.

"Saa mbili," nikamwambia. "Tutaenda wote Jumatatu, basi la kwanza. Ila usije na njaa, dada. Uje umekula."