Mshenga Niliyempata Klabuni

Mchumba wangu aliniambia ni kinywaji tu. "Baba mdogo anataka kukuona, basi," alisema. "Mtakula, mtapiga soga, utarudi nyumbani." Nikamwamini. Nilikuwa nimefika ile hatua ya mapenzi ambayo ukiambiwa usiku ni mchana unatafuta miwani ya jua.

Yeye ni Mkongo wa Kivu, mimi Mkenya wa Nakuru. Tulikutana kazini, kwenye nyumba ya kulelea wazee huko Bankstown, tukigombania kiti cha magurudumu kimoja kisichopiga kelele. Alipokuwa na miaka minne wapiganaji waliingia kijijini kwao, baba yake akatoka kwenda kuangalia ng'ombe, na hakuonekana tena. Mdogo wa baba yake ndiye aliyembeba mgongoni mpaka kambini, akamlea, akaja naye hapa Sydney, Australia. Sasa huyo baba mdogo anaendesha foklifti kwenye ghala moja Granville, anaishi Guildford, na kila Ijumaa jioni yuko kwenye klabu ya wanajeshi wastaafu. Bila yeye kukubali, hakuna harusi. Hilo nililielewa vizuri sana. Lisilonielea ni kwa nini mtu aliyekimbia bunduki aende kustarehe kwa wanajeshi.

Nilivaa suti. Nilivaa na kofia ya pama, niliyoinunua makusudi kwa ajili ya siku hiyo, kwa sababu nilitaka nionekane mtu mwenye mipango. Mlangoni dada wa mapokezi akaniandikisha kama mgeni wa baba mdogo, halafu akaninyooshea kalamu kichwani. Humu ndani kofia hazivaliwi, alisema, ni heshima kwa waliokufa vitani. Zamani, aliyesahau aliwanunulia watu wote vinywaji. Nikaivua haraka kama iliyoshika moto, nikaingia nayo kwapani, mimi peke yangu mwenye tai katikati ya watu wa kaptula.

Baba mdogo alikuwa amekaa karibu na ukuta, ndani ya shati la kitenge lililopigwa pasi likanyooka. Mbele yake kulikuwa na glasi ya bia.

"Karibu, Mukenya. Keti. Utakunywa nini?"

Nilikuwa na kiu ya bia tangu Bankstown. Lakini nilishaambiwa ni mzee wa kanisa, kwa hiyo nikajitia utakatifu. "Soda ya tangawizi tu, Baba."

Akaniangalia kwa huruma. "Uko mugonjwa?"

Hapo akafika rafiki yake wa meza hiyo, mzee wa Kizungu aliyepigana vita vyake ujanani, mwenye vifaa vya kusikilizia kwenye masikio yote mawili na tabasamu la mtu anayesikia nusu ya mambo na kuridhika. Nikasimama, nikampa mkono, nikaenda kumletea bia. Nikajiletea na yangu, maana utakatifu ulikuwa umekwisha kunishinda. Tukaagiza kuku, yule anayepondwa akawa bapa, akapakwa chenga za mkate na kukaangwa. Alipofika alikuwa mkubwa kuliko sahani yake, na chipsi zimejificha chini yake. Tulikula vizuri. Baba mdogo aliniuliza kuhusu mama yangu, kuhusu kanisa, kuhusu kama wanaume wa Kenya wanajua kupika. Nikamwambia wanajua. Moyoni nilijisifu: jambo limeisha, na chakula hakijapoa.

Saa kumi na moja na nusu wakaanza bahati nasibu ya nyama. Ni desturi ya klabu hizi siku za Ijumaa: unanunua tiketi, namba yako ikitajwa unakwenda mbele na kukabidhiwa sinia la nyama lililofungwa kwa plastiki, mbele ya watu wote. Mzee wa Kizungu alikuwa amenigawia tiketi zake mbili. Moja ikatajwa. Sijawahi kushinda kitu maishani, hata pipi ya shule ya Jumapili, kwa hiyo nilikwenda mbele nikiwa karibu kukimbia. Mbavu za kondoo, soseji, na kipande cha ng'ombe cha kutosha mtaa. Watu wakapiga makofi. Nikarudi mezani nimevimba kichwa, na hapo ndipo nilipoharibu.

Nililishika sinia kwa mikono miwili, nikainama kidogo, kama nilivyofundishwa nyumbani, nikasema, "Baba, hii ni yenu. Ni ya familia."

Baba mdogo akaweka glasi chini.

"Ya nani?"

"Yenu, Baba."

"Unaleta nyama kwetu. Juu ya mutoto wetu."

"Ndiyo… nadhani."

"Na banani balikusindikiza?"

"Nilikuja na treni, Baba."

Akatikisa kichwa polepole. "Mutu haleti nyama ya ukwe na mukono yake mwenyewe, kama vile anauzisha mu soko. Iko mutu wa kumusemea. Mutu wako iko wapi?"

Sasa, nisijitetee. Hata kwetu ni hivyo hivyo. Huendi ukweni peke yako. Unakwenda na wazee, na mshenga anasema wewe ukiwa kimya unaangalia viatu. Nilikuwa najua haya yote. Nilidhani tu kwamba nyama iliyopatikana kwa tiketi ni nyama tu. Nilitaka kucheka lakini uso wake haukuwa na nafasi ya kicheko. Niliogopa kweli. Nilimwona mchumba wangu akiniuliza nimefanya nini, nami nikimjibu kwamba nimempoteza kwa soseji. Nikaanza kumwandikia ujumbe chini ya meza.

"Weka simu."

Nikaiweka.

Baba mdogo akatazama huku na huku, kisha akamgeukia mzee wa Kizungu, aliyekuwa akimalizia chipsi zangu. Akamweleza kwa Kiingereza, taratibu na kwa sauti kubwa, kwamba kijana huyu anataka binti yetu, ameleta nyama bila msemaji, na kwamba yeye sasa ndiye msemaji. Aeleze kwa nini tumpe. Meza ya jirani ikaacha kutafuna.

Mzee akajifuta mdomo, akasimama. Sikutegemea asimame. Alisema ananijua kwa dakika arobaini tu. Alisema nilisimama alipofika, na siku hizi hakuna anayesimama. Nimemletea bia bila kumwaga. Sikugusa simu mpaka nilipotishwa. Na nimeshinda nyama, nikaitoa kabla sijakaa. Yeye mwenyewe, alisema, angekwisha fika nyumbani nayo. Akakaa. Jirani mmoja akapiga makofi, akanyamazishwa na mkewe.

Nilimpenda yule mzee hapo hapo.

"Amesema vizuri," baba mdogo alisema. "Lakini mimi siko baba yake. Mimi ni mudogo wa baba yake. Siwezi kutoa mutoto wa kaka yangu."

Nikamwangalia. Kaka yake hayuko tangu binti akiwa na miaka minne. Kama ruhusa iko kwake, nitaifuata wapi? Sinia lilikuwa katikati ya meza, si langu tena wala si lao.

Saa kumi na mbili ikapiga, na taa zikapunguzwa. Mashine za kamari zikanyamaza. Watu wote wakasimama, wenye bia wakaziacha mezani, wapishi wakatoka jikoni wakasimama wima, na wote wakageukia mwali mdogo wa moto unaowaka ukutani. Baba mdogo alikuwa wa kwanza kusimama. Sauti ya kurekodiwa ikasoma maneno ya kuwakumbuka waliokufa vitani, tarumbeta ikalia, kisha ukumbi mzima ukakaa kimya. Nilishika kofia yangu kifuani. Nikamtazama baba mdogo kwa pembeni, midomo yake ilikuwa ikitembea, polepole, kama mtu anayeeleza jambo refu.

Taa zikarudi. Vijiko vikarudi kwenye sahani. Alikaa, akachukua karatasi ya kufutia mikono, akafuta macho yake bila kujificha.

"Kaka yangu hana kaburi," aliniambia. "Kule hakuna fasi naweza kuenda kumusimamia. Hapa, kila siku saa kumi na mbili, batu bote banasimama. Habamujue. Lakini banasimama. Njo maana ninakuyaka hapa kila Ijumaa."

Nami nilikuwa nimemcheka moyoni, mkimbizi anayekwenda kunywa kwa wanajeshi. Niliona aibu. Nilisema, "Nisamehe, Baba." Hakuniuliza ni kwa lipi.

Mzee wa Kizungu, ambaye Kiswahili chetu kilikuwa kimempita juu, akagonga meza kwa kidole. Alitaka kujua kazi yake imefikia wapi, yeye ndiye msemaji. Baba mdogo akamwambia kwamba alikuwa na swali la kumuuliza kaka yake, na amemuuliza sasa hivi.

"Amejibu nini?" mzee akauliza.

Baba mdogo akanyoosha mikono yote miwili, akalivuta sinia la nyama, akaliweka upande wake wa meza.

"Amepokea," alisema.